Minyaa ya Mtemi

Jumamosi moja nilikuwa nimemaliza kuwafundisha watoto wa kipaimara hapa Sepuka, shemeji yangu akanisimamisha mlangoni mwa kanisa na kuniambia kwamba nawafundisha watoto wizi wa ardhi.

"Shikamoo, shemeji," nilimjibu. "Hata salamu yangu hujaipokea, tayari umenifunga?"

"Marahaba. Sina utani leo. Ni kweli umewaambia watoto kwamba minyaa inaweza kung'olewa ikapandwa mahali pengine?"

"Kweli."

"Unakubali! Tena mlangoni mwa nyumba ya Mungu!"

Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu nieleze kidogo. Mnyaa ni mti usio na majani ya maana, vijiti vitupu vya kijani, na ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukiingia machoni unaweza kukupofusha. Ndiyo maana tunaupanda mipakani: mbuzi hawautaki, na mtu mwenye akili hauchezei. Shamba la baba yako linaishia kwenye minyaa, la jirani linaanzia hapo. Watu hapa wanaweza kugombana juu ya mke, juu ya kura, juu ya ng'ombe, wakapatana kwa chungu kimoja cha pombe. Mpaka ukiguswa, hawapatani mpaka mmoja azikwe.

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, ndiye anayeitwa kila ugomvi wa mpaka unapotokea. Anakumbuka minyaa ya kila mtu ilipokuwa, hata iliyokauka tangu enzi za baba zetu. Anafika na fimbo yake, anatembea kimya, anachomeka fimbo, anasema, "Hapa." Na huwa ni hapo. Watu wanamwamini kwa sababu hajawahi kula rushwa ya kuku hata mmoja, na Singida yetu hii ni nchi ya kuku. Kwa uaminifu huohuo akachaguliwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa katika mtaa wetu, yaani tawi letu la usharika.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Binti mmoja wa darasa langu alirudi nyumbani akamkuta baba yake analalamika juu ya jirani na mpaka wao. Katikati ya chakula binti akasema, "Baba, si ung'oe tu minyaa yetu uisogeze huku ndani? Mwalimu amesema hiyo ndiyo neema." Naambiwa baba alipaliwa na mlenda. Kesho yake alikuwa kwa shemeji yangu.

Siku ile nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siwezi kucheka tena, na ninaandika haya nikiwa na hasira. Nilifundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na wanafunzi wangu watakwambia kwamba sikuwa mtu wa hasira. Mtoto akikosea nilikaa naye, tukarudia. Lakini kuna hasira ambayo nadhani ni ya haki, na nitajaribu kuieleza taratibu, kama nilivyozoea kueleza kila kitu.

Nianze na hadithi yenyewe. Aliyenipa ni bibi yangu, aliyezaliwa Mungaa na kuzikwa Mungaa. Hakujua kusoma. Alibatizwa akiwa mtu mzima, baada ya kuwa ameshakuwa mkarimu kwa miaka mingi bila kubatizwa. Alitusimulia kwa Kinyaturu akipepeta uwele, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini. Kabla ya hapo hakukubali, kwa sababu ukisimulia hadithi wakati ng'ombe wako malishoni, watapotea.

Palikuwa na mtemi mwenye shamba la mtama lililozungushiwa minyaa. Sheria yake ilikuwa moja: mnyama akila mtama wa mtu, mwenye mnyama atalipa mtama, na asipokuwa na mtama atatoa mnyama. Bibi alikuwa akisimama hapo na kusema, "Sheria ilikuwa nzuri. Msije mkadhani ilikuwa mbaya. Ilimlinda maskini, asiliwe mtama wake na ng'ombe wa tajiri."

Sasa kulikuwa na mjane aliyepakana na mtemi, mwenye ng'ombe mmoja. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowakuza wajukuu zake yatima. Asubuhi moja ng'ombe akakutwa ndani ya shamba la mtemi, ameshiba, mdomoni ana mtama. Wazee wakakusanyika. Mtemi angesema "mwacheni," mtu aliyetoa mbuzi wake mwaka uliopita angeuliza, "Na wangu?" Angesema "mchukueni," watoto wangekufa njaa. Akauliza, "Sheria inasemaje?" Wakamjibu, "Mnyama akila mtama wa mtu mwingine." Mtemi akavua vazi lake la kitemi, akaenda mpakani, akaanza kung'oa minyaa yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe. Akaipanda upya ndani ya shamba lake, ng'ambo ya pale ng'ombe alipokula. Jua lilipokuwa linashuka akawaita wazee. "Haya. Ng'ombe amekula mtama wa nani?"

Wakatazama minyaa. "Wa mjane."

"Mtu akila mtama wake, analipa?"

"Halipi."

Macho ya mtemi yalikuwa yamejaa utomvu. Hakuiona njia ya kurudi kwake. Mjane alimshika mkono akampeleka.

Sisi watoto tulikuwa tukiuliza, "Bibi, macho yalipona?" Naye alikuwa akijibu, "Anayetaka kujua akang'oe minyaa," kisha akaendelea kupepeta.

Nilipoanza kufundisha kipaimara, niliwakuta watoto wanazikariri amri kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha, na ukiwauliza neema ni nini wanakujibu, "Ni Mungu kutusamehe," huku wanatazama dirishani. Nikawaletea hadithi za nyumbani. Niliwaonyesha kwamba hadithi zetu nyingi za zamani zinaanza na katazo. Usifunue chungu hiki. Usipite njia ile. Usimjibu atakayekuita ukiwa mtoni. Hiyo ni sheria, na wote tunajua itavunjwa, maana isipovunjwa hakuna hadithi. Zinazoishia pale mvunjaji anapomezwa na zimwi ni za mtu aliyetaka watoto walale mapema. Zile zinazokumbukwa vizuri zinaendelea: anatokea mtu asiyedaiwa chochote, mdogo wake au mama yake, anamfuata aliyemezwa mpaka kwenye kiza chake na kumrudisha nyumbani.

Halafu niliwapa ya mtemi. Mtoto mmoja alinibana: "Lakini mwalimu, ng'ombe alikula kabla mpaka haujahamishwa." Nikamsifu, nikamwambia arudie kwa sauti wenzake wasikie. Ni kweli, alikula kabla. Mtama uliliwa, na aliyekula alikuwa na hatia. Mtemi hakufumba macho akasema hakuna kilicholiwa. Alipoteza mtama, akapoteza kipande cha shamba, akayatia macho yake hatarini. Mwenye shamba peke yake ndiye anayeweza kusema shamba lake linaishia wapi, na yeye alichagua liishie karibu zaidi na nyumba yake. Watoto walielewa. Niliwaona usoni.

Hayo ndiyo niliyomjibu shemeji mlangoni siku ile. Yeye alisema Torati imemlaani anayeondoa mpaka wa jirani yake. Nikamwambia, "Wa jirani yake, shemeji. Huyu aling'oa wa kwake."

"Mwalimu," alisema, "mpaka ni mpaka."

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Katika mtaa wetu kuna binti mwingine, mkubwa, niliyemfundisha tangu darasa la kwanza, na baadaye kipaimara. Ndiye mtoto aliyeuliza maswali magumu kuliko wote niliowahi kufundisha. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Singida mjini kujifunza ushonaji, akarudi na cherehani na mimba. Hakuwa ameolewa. Wazee wakamtenga, kama ilivyo desturi: hashiriki Meza ya Bwana, anakaa benchi la mlangoni, na mtoto wake habatizwi mpaka mama atakapotubu na kurudishwa kundini. Mtoto alizaliwa, akakaa, akaanza kutambaa, bado benchi ni lilelile. Alizoea kutambaa chini ya benchi wakati wa mahubiri akiokota maganda ya alizeti.

Kurudi kundini kwetu kuna utaratibu wake. Siku mchungaji anapofika, maana anahudumia mitaa mingi na kwetu anafika kwa nadra, mtu anaitwa mbele, anasimama peke yake, mzee wa kanisa anasoma kosa lake kwa sauti. Hakuna anayesimama naye. Anayesimama naye anahesabiwa pamoja naye, anakaa benchi la mlangoni kwa muda wanaoona wazee, na kama ana huduma yoyote kanisani anaiacha. Sijui nani aliianzisha desturi hiyo. Haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaijua, na sikuwahi kuona mtu akisimama na mwenzake.

Binti aliomba kurudi. Wazee wakakaa, nami nikaitwa kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake. Nilisema yote mema niliyoyajua juu yake. Kisha nikauliza, "Na baba wa mtoto?"

Mwinjilisti wetu akainamisha kichwa. Shemeji akasema, "Yuko mjini."

"Najua yuko mjini. Hata jina la kwaya anayopigia kinanda mnalijua. Kila ibada ya Meza ya Bwana anakula. Nani amemwita mbele?"

"Si wa mtaa wetu, mwalimu. Sisi mpaka wetu unaishia pale barabarani."

"Shemeji, mimba imevuka barabara. Ninyi mnashindwa?"

Wengine wakacheka, yeye hakucheka. "Sisi tunamshughulikia aliye ndani ya mpaka. Nikianza kumfuata kila mtu nje, nitaishia wapi? Unadhani napenda? Kanuni ikipinda kwa mwanafunzi wako, kesho itapinda kwa mtoto wa nani?"

Na hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikie vizuri, kwa sababu si kwamba alisema uongo. Alisema yaleyale aliyoyajua mtemi. Sheria ikipinda kwa mmoja ni mtego kwa wengine. Kilichonichoma ni kwamba mtemi alipofika kwenye ugumu huo alivua vazi akashika minyaa. Wazee wetu walipofika hapohapo waliona wameshamaliza kazi. Wakaagiza chai.

Nilitoka nikaenda kwa binti. Nilimkuta barazani kwa mama yake anashona sare za shule, mguu hautulii kwenye cherehani.

"Shikamoo, mwalimu. Uso huo umetoka kwenye kikao."

"Marahaba, mwanangu. Wamekubali, lakini utasimama peke yako."

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Mwalimu, ile hadithi yako ya mtemi ina tatizo."

"Tatizo gani?"

"Nani alifungua zizi? Ng'ombe hajifungulii mwenyewe."

Miaka yote niliyoisimulia, sikuwahi kujiuliza. "Bibi hakusema," nilimjibu.

"Basi bibi yako alisahau, au aliogopa." Alimvuta mtoto aliyekuwa anatafuna kitambaa. "Mimi sikatai kusimama. Mtama nilikula, sitasema sikula. Lakini sitasimama kama mtu aliyekula peke yake."

"Unataka umtaje mbele ya watu?"

"Sitaki hata jina lake likae mdomoni mwangu. Nataka mwanangu abatizwe. Nataka nile na wenzangu, nisitazamwe kama mbuzi mnadani." Alimfuta mtoto mate. "Ulitufundisha kwamba mtemi alitoka nyumbani kwake. Haya. Mwalimu, utasimama na mimi?"

Natamani ningekuwa nimejibu palepale. Nilimwambia nitafikiri. Lile darasa la Jumamosi ndilo lililokuwa limebaki kwangu tangu nistaafu. Niliwaza sura za wale watoto, niliwaza nani atawafundisha. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirika na wazee, nimekasirika na kijana wa kinanda, na kidogo nimekasirika na huyu binti pia, kwa kunishika mahali ambapo nilikuwa nikiwashika wengine.

Jumapili mchungaji alipofika kanisa lilijaa. Habari ya mtu kusimama mbele inajaza kanisa kuliko habari ya Pasaka, na hilo nalo linanikasirisha. Jina la binti likaitwa. Akainuka kutoka mlangoni na mtoto mgongoni, akapita katikati, na wale niliowafundisha kusoma, wanaume na wanawake wazima sasa, wakageuza shingo wamtazame vizuri. Akasimama. Hakunitafuta kwa macho. Nadhani hilo ndilo lililoniinua, kwamba hakunitafuta.

Nilikwenda nikasimama karibu naye, bega kwa bega.

Shemeji akashusha karatasi. "Mwalimu, rudi ukae. Aliyeitwa ni mmoja."

"Nimesikia."

"Wewe una dhambi gani?"

"Unataka niseme zote, shemeji? Watu hawatakula mchana leo."

Kicheko kikapasuka upande wa akina mama. Shemeji akawa mwekundu kadiri mtu mweusi anavyoweza. "Unajua desturi. Ukisimama hapo umejihesabu."

"Najua. Nihesabu."

Akamgeukia mchungaji, kama mtu anayemtafuta shahidi wa mpaka. Mchungaji ni kijana, ana umri wa mwanangu wa mwisho. Alitutazama, akatazama kanisa, akasema tu, "Mzee, soma. Wasomewe waliosimama."

Akasoma. Kosa la uzinzi likasomwa juu yangu, mjane mwenye mvi, mbele ya wajukuu zangu. Nilisikia kila neno. Sikujua lilivyo zito mpaka nilipokuwa chini yake, na nilielewa kwa nini binti alisema mbuzi mnadani. Hasira yangu kwa muda ilinitoka, nikabaki na aibu tupu, na aibu hiyo haikuwa yangu na bado iliniunguza. Nilimshika binti mkono, au yeye alinishika wangu.

Mtoto alibatizwa palepale. Alipiga maji kwa kiganja, akamlowesha mchungaji. Mama yake alikula Meza ya Bwana na wenzake, mstari wa mbele kabisa. Mimi sikula. Nilirudi nikapita katikati, nikaenda kukaa benchi la mlangoni, na maganda ya alizeti yalikuwa bado chini yake.

Nimekaa hapo tangu siku hiyo. Mchungaji alipanda pikipiki yake akaenda mtaa mwingine. Desturi ilibaki, na wazee hawajaona kwamba muda wangu umetosha. Darasa la Jumamosi analifundisha shemeji mwenyewe. Anawakaririsha amri. Huko mjini kinanda kinapigwa kama kawaida. Binti ananiletea uji wa uwele kwenye chupa, tunakunywa baada ya ibada. Ameniambia mara nyingi nisikasirike kwa ajili yake. Nimemjibu kwamba sikasiriki kwa ajili yake tu.

Juzi ibada ilipoisha, watu wakatoka, shemeji akaja na kufuli kufunga kanisa. Nilikuwa bado nimekaa. Binti alikuwa nje anamsubiri mtoto avae kiatu. "Shikamoo, mzee," akamwambia. Yeye akajibu, "Marahaba, mama," kwa sauti ndogo. Hakuwahi kumwita mama.

Akasimama mbele ya benchi langu, anaigeuzageuza kufuli mkononi.

"Wale watoto wako ni wasumbufu," alisema.

"Si wangu tena. Umewachukua."

"Kila Jumamosi wananiuliza swali moja. Hawataki kusema amri mpaka niwajibu." Alitazama nje, akanirudia. "Yule mtemi. Macho yalipona?"

Nilikuwa na maneno mengi makali, nimeyaandaa kwa muda mrefu, mengine ya Kinyaturu kwa kuwa kwa Kiswahili hayaumi sawasawa. Nilimtazama: mzee mwaminifu, hajala kuku wa mtu, amejenga maisha yake yote kwenye fimbo iliyochomekwa mahali sahihi. Kama hadithi ile ni ya kweli, basi ni ya kweli hata kwake, na hakuna kitu kilichonikasirisha kuliko hicho.

Nikasogea kidogo kwenye benchi kumpisha. Sikusogea kwa upendo, nisije nikajisingizia. Nilisogea kwa sababu nafasi ilikuwepo.

"Anayetaka kujua," nilimwambia, "akang'oe minyaa."

Alitazama ile nafasi. Akatazama mlango kuona kama kuna mtu anayetuona. Binti alikuwa anatuona.

"Nina kufuli hapa," alisema, "nafunga," na bado hakuondoka.